Programu ya dunia nzima, mwajiriwa mmoja: kisa cha OpenSSL na Heartbleed

Tarehe 7 mwezi wa nne 2014 ilikuwa Jumatatu, na huku kwetu Tanzania ni Karume Day, sikukuu, mtu umekula umeshiba umejinyoosha kwenye kochi. Usiku simu ikaanza kuita. Bosi. Seva zote zinatakiwa zipandishwe toleo leo leo, sio kesho asubuhi, alafu baada ya hapo vyeti vyote vya usalama vibadilishwe na wateja waambiwe wabadili paswadi. Nikamuuliza kwani tumeibiwa? Akasema hajui. Na hapo ndo penyewe, hakuna aliyekuwa anajua, mana kosa lenyewe lilikuwa la aina ambayo mwizi anaingia, anachota, anatoka, na kwenye kumbukumbu za seva haachi hata alama ya kandambili.

Kosa hilo ndo lile lililoitwa Heartbleed. Upande wa kiufundi umeshaongelewa sana, mi leo nataka niongelee upande wa hela na nani anaamua, mana kila ikitajwa habari hii watu wanarukia jibu moja: mradi ulikuwa masikini, ungechangiwa yasingetokea. Mi naona hiyo ni nusu ya ukweli, na ni nusu ambayo inatupoteza. Hela zilikuwepo, sio nyingi lakini zilikuwepo. Cha kujiuliza ni zilikuwa hela za aina gani, na zilikuwa zinamvuta nani kwenda wapi.

Kwa ambao hawako kwenye mambo haya, OpenSSL ni programu huria, yani yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuitumia, inayofanya kazi ya kufunga mawasiliano, yani ile alama ya kufuli unayoiona juu kwenye brauza ukifungua tovuti ya benki, mara nyingi nyuma yake upande wa seva kuna OpenSSL. Ilianza 1998, ikarithi kazi ya Waaustralia wawili, Eric Young na Tim Hudson, waliokuwa wameandika kitu kinaitwa SSLeay. Mpaka kufika 2014 theluthi mbili ya tovuti hai duniani zilikuwa zinaendeshwa na programu za seva za Apache au nginx, na hao wote wawili kwa kawaida wakitaka kufunga mlango wanamwita OpenSSL. Weka na ruta, simu, mashine za ofisini, mifumo ya barua pepe. Leseni yake ilikuwa inaruhusu mtu yeyote kuchukua bure na kuuza bidhaa yake juu yake, na kweli watu wakachukua, hasa makampuni makubwa. Kwa lugha yetu, lilikuwa shamba la bibi.

Sasa kosa. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2011, iliingizwa kodi mpya ndani ya OpenSSL (kodi za programu, yani yale maagizo kompyuta inayoyafuata, sio za kulipa TRA), imeandikwa na kijana mmoja Mjerumani aliyekuwa anasoma PhD. Kazi yake ilikuwa nzuri tu, kuwezesha kompyuta mbili zilizounganishwa kuulizana "bado upo?" bila kuanza salamu upya. Unatuma neno, unataja lina herufi ngapi, mwenzako anakurudishia neno lile lile. Tatizo seva ilikuwa haihakiki hiyo idadi. Ni kama unaenda dukani kwa Mangi, unampa mia tano, unamwambia nimekupa elfu kumi nipe chenji, na Mangi bila hata kuangalia alichoshika anafungua droo anaanza kukuhesabia. Kila ukiomba unapata mpaka kilobaiti 64 za chochote kilichopo kwenye memori ya seva wakati huo, na unaweza kurudi dukani mara elfu. Kwenye hiyo droo kuna paswadi za watu, vipande vya barua, na ukibahatika hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe.

Toleo lenye hilo kosa, 1.0.1, lilitoka mwezi wa tatu 2012. Miaka miwili limekaa. Lilikuja kugunduliwa na watu wawili tofauti kwa wakati unaokaribiana, Neel Mehta wa Google na kampuni ya Kifini ya Codenomicon. Netcraft, kampuni inayohesabu tovuti, wakakadiria seva kama nusu milioni ziko wazi, asilimia 17 hivi ya zile zenye vyeti vinavyotambulika. Simu za Android 4.1.1 nazo zilikuwemo. Mamlaka ya kodi ya Canada (hao sasa ni kodi kweli) walikiri namba za utambulisho za watu kama 900 zimechukuliwa.

Dunia ikauliza swali ambalo ilitakiwa iulize miaka kumi nyuma: hivi hii kitu anaitunza nani?

Jibu likawashangaza watu. Mradi ulikuwa na watu wachache wa kujitolea, wengi wana ajira zao kwingine, na mmoja tu ndo aliyekuwa anaifanya kama kazi ya kutwa nzima: Stephen Henson, Mwingereza, daktari wa hesabu. Mwingine ni Steve Marquess, Mmarekani, yeye sio mwandishi mkuu wa kodi, kazi yake ilikuwa kutafuta hela kupitia taasisi iliyoitwa OpenSSL Software Foundation. Hao Stephen wawili walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka na miaka na walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana. Na aliyeipitia ile kodi ya Heartbleed kabla haijaingia ni huyo huyo Henson. Mi simlaumu, mtu mmoja anapitia kodi za wenzie, anajibu maswali, anatoa matoleo, anaziba matundu ya usalama, na bado anatakiwa atafute mkate. Ungemlaumu ungeanzia wapi.

Marquess alitoa hesabu hadharani wiki ile ile. Michango ya watu kwa mwaka mzima ilikuwa kama dola 2,000. Kwa shilingi za wakati ule ni milioni tatu na kitu, yani kamati ya harusi ya kawaida tu Dar ilikuwa inazidi hapo kwenye kikao cha kwanza kabla vinywaji havijajadiliwa. Baada ya Heartbleed kupamba vichwa vya habari zikaingia kama dola 9,000 kwa wiki, nyingi ni za dola 5, dola 10, za watu binafsi. Makampuni yaliyojenga utajiri juu ya hiyo programu, kimya. Akasema waziwazi kwamba panahitajika angalau watu sita wa kutwa nzima, sio mmoja.

Watu wengi wakisoma hiyo dola 2,000 wanaishia hapo, wanapiga kelele umasikini umasikini. Ila ukiendelea kusoma hesabu zake utaona kuna mlango mwingine wa hela: mikataba. Taasisi ilikuwa inaingiza fedha kwa kazi za kulipwa, haijawahi kufika dola milioni moja kwa mwaka, lakini hizo ndo zilizokuwa zinamlisha Henson. Na mikataba yenyewe mingi ilihusu nini? FIPS 140-2. Hicho wakati ule ndo kilikuwa kiwango cha serikali ya Marekani, ukitaka kuiuzia serikali ile kifaa chenye usimbaji, yani cha kufunga taarifa kwa siri, lazima kiwe kimepita hapo, kwaiyo makampuni yalikuwa yanawalipa kina Marquess wawasaidie kupata huo mhuri. Mwingine analipa ili kitu fulani anachokitaka yeye kiongezwe. Hakuna mteja hata mmoja duniani anayekuja na mkataba unaosema tafadhali kaa mwezi mzima usiongeze chochote, soma tu kodi za zamani utafute palipooza.

Sasa ona kilichotokea, na hii kwangu ndo kiini cha kisa chote, ingawa ilitokea miezi minne kabla ya Heartbleed na haikupata kelele hata robo. Kulikuwa na mbinu ya kutengeneza namba nasibu, zile zisizotabirika ambazo funguo za siri zinatengenezwa nazo, inaitwa Dual EC DRBG, ambayo tangu 2007 wataalamu walikuwa wanainusa vibaya, na 2013 nyaraka za siri alizovujisha Snowden zikaongeza moto kwamba NSA, majasusi wa mawasiliano wa Marekani, wameweka mlango wa nyuma humo. OpenSSL walikuwa nayo kwenye moduli yao ya FIPS. Kwanini? Kwa sababu mteja mmoja aliagiza na akalipia, basi. Mwezi wa 12 mwaka 2013 Marquess akatangaza kwamba wamegundua utekelezaji wao wa hiyo mbinu una hitilafu inayofanya isiweze kutumika kabisa. Yani imeagizwa, imelipiwa, imeandikwa, imepita majaribio yote ya serikali, imepigwa mhuri, na haijawahi kufanya kazi hata siku moja, na hakuna mtu aliyelalamika mana hakuna aliyekuwa anaitumia. Soma tena hiyo sentensi taratibu. Saa za mtu pekee wa kutwa nzima zilienda huko, wakati kwenye chumba cha pili droo ya Mangi iko wazi.

Ndo mana nasema tusiseme mradi haukuwa na hela. Ulikuwa na hela zenye bwana. Mwenye mkataba ndo aliyekuwa anapanga leo tunafanya nini, na sio kwa hila, ni vile tu njaa haina adabu, na ndani ya mradi hapakuwa na chombo chochote chenye mamlaka ya kusema hili hatulifanyi, au tutalifanya lakini baada ya usafi.

Mama yangu yuko kwenye kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, Mbagala. Kina katiba iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari, kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, asipokuja mmoja sanduku halifunguki. Hiyo ni kwa ajili ya hela za mikopo ya vitumbua na vitenge. Mpango kazi ambao OpenSSL wenyewe waliuchapisha mwisho wa mwezi wa sita 2014 unakiri, bila kuzunguka, kwamba kuna rundo la taarifa za makosa ambazo hazijajibiwa kwa miaka, nyaraka hazijakamilika, kila mtu anaandika kodi kwa mtindo wake, hakuna utaratibu wa kupitia kodi, hakuna mpango wa lini matoleo yanatoka, na hakuna sera ya usalama iliyochapishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ilikuwa siri za watu wa dunia nzima.

Baada ya msala mambo yakaenda haraka. Tarehe 24 mwezi wa nne, siku 17 tu, Linux Foundation, taasisi inayosimamia miradi ya programu huria, wakatangaza mfuko wa pamoja, Core Infrastructure Initiative, na kina Google, Microsoft, Facebook, Amazon, IBM, Intel, Cisco na wengine wakaahidi dola 100,000 kila mmoja kwa mwaka kwa miaka mitatu. Mchuma janga hula na wa kwao, safari hii wa kwao walikuwa wakubwa kwaiyo walisikia. OpenSSL wakalipiwa watu wawili wa kutwa nzima na fedha za ukaguzi wa kodi zikatengwa. Sitaki kubeza, ila angalia: fedha zile zililetwa na aibu. Kabla ya aibu mfuko kama huo haukuwepo. Na miradi mingine ambayo haijapata msala wa kwenda kwenye taarifa ya habari je? Werner Koch, Mjerumani anayetunza GnuPG, programu ya kufunga barua pepe na mafaili, alikuwa karibu anakwama kabisa mpaka stori yake ilipoandikwa mwezi wa pili 2015 ndo michango ikamwagika.

Kuna waliosema dawa sio kuchangia, dawa ni kuhama. Watu wa OpenBSD, mfumo endeshi huria, chini ya Theo de Raadt wakachukua kodi nzima wakaondoka nayo, wakaiita LibreSSL, na wiki ya kwanza tu wakatupa mistari kama 90,000 ya kodi waliyoona ni takataka. Google nao mwezi wa sita wakatoa ya kwao, BoringSSL. Haki hiyo ya kuondoka na kodi ni sehemu ya uongozi wa programu huria, tena ndo kura ya mwisho ya mwananchi, na sikatai kwamba kelele za LibreSSL ziliwaamsha OpenSSL. Lakini nani anaweza kuipiga hiyo kura? Google ana jeshi la mainjinia. OpenBSD wana ujuzi na ukali wa kutosha. Sisi wa ofisi yenye watu wanne na jenereta moja tunahama kwenda wapi, tunabaki pale pale na OpenSSL yetu. Alafu kuna kitu huwa kinanichekesha kwa uchungu: hao OpenBSD waliokuwa wanawasimanga wenzao, miezi mitatu tu nyuma, mwezi wa kwanza 2014, walikuwa wametangaza hatari ya kuzimiwa mitambo kwa sababu ya bili ya umeme ya dola 20,000, wakaja kuokolewa na mfanyabiashara mmoja wa bitcoin. Mzigo wa mwenzio kweli ni kanda la usufi.

Kilichoibadilisha OpenSSL kwa maoni yangu ni vitu vya kuchosha ambavyo haviandikwi magazetini. Mwezi wa kumi 2014 timu ikakutana Düsseldorf, Ujerumani, wengi wao ndo mara ya kwanza kuonana sura. Wakaweka kanuni kwamba kodi haiingii mpaka mtu mwingine aipitie, na hii inamhusu kila mtu hata mkongwe. Wakaandika sera ya usalama na mpango wa matoleo, wakasema toleo gani litatunzwa mpaka lini. Wakazipanga kodi zote upya kwa mtindo mmoja. Mwezi wa pili 2017 wakapata katiba na kamati ya uongozi yenye kura, baadae ikazaliwa na kamati ya ufundi pembeni ili anayehesabu hela asiwe ndo yule yule anayeamua kodi. Leseni yenyewe ilibadilishwa kuwa Apache 2.0, ikabidi watafutwe mamia ya watu waliowahi kuchangia kodi waulizwe kama wanakubali, kazi ya miaka, ikaja kukamilika na toleo 3.0 mwezi wa tisa 2021. Na 2024 wakaivunja ile kamati ya uongozi, wakagawa nyumba mbili, moja taasisi isiyo ya faida na nyingine kampuni ya biashara, kila moja na bodi yake na kamati za washauri zinazochaguliwa na makundi ya watumiaji. Mi hiyo ya mwisho bado naiangalia kwa jicho moja, nyumba mbili zenye jina moja zinahitaji majirani wazuri sana, lakini wazo nalielewa: hela ya mkataba iwe na chumba chake, isilale kitanda kimoja na hela ya matunzo.

Na hapo ndo msimamo wangu. Ukiniuliza mradi wa namna hii uendeshwe vipi nitakwambia kabla ya kutembeza bakuli andika nani anaweza kumwambia mfadhili hapana, na ile hapana italipwa na nini. Mkataba ni halali, watu wanakula, lakini kila mkataba ukatwe fungu linaloenda kwenye matunzo tu, fungu ambalo mteja hana sauti nalo, na liwekwe kwenye bei tangu mwanzo, sio kuombwa kwa huruma mwisho. Mchango wa hiari wa dola 5 nauheshimu ila haujengi ajira ya mtu. Na funguo ziwe za watu zaidi ya mmoja hata kama mradi ni wa mtu mmoja, hata kama wa pili amelazimishwa.

Kuna mtu ataniambia xz, ile programu huria ya kubana mafaili. Sawa, nilikuwa naijia. Mwezi wa tatu 2024 Andres Freund, mtu wa PostgreSQL (programu huria ya kuhifadhi data), aliona kuingia kwenye seva kwa ssh, njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde, akafukua, akakuta mlango wa nyuma umepandikizwa kwenye xz na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa amejipendekeza kwa mtunzaji pekee wa mradi kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akapewa funguo. Mtunzaji alikuwa amechoka, halipwi, na alishawahi kusema hadharani kwamba hali yake kiakili sio nzuri, huku majina yasiyojulikana yakimbana ampe mwenzie nafasi. Pale hata mteja wa FIPS hakuwepo. Hakukuwa na hela zenye bwana wala zisizo na bwana, na pengo hilo likajazwa na mtu mwenye muda mwingi na nia mbaya. Kwaiyo xz hainipingi, inanionyesha tu upande wa pili wa sarafu ile ile: kama hakuna aliyewekwa kwa utaratibu kukaa kwenye kile kiti cha pili, atakaa yeyote.

Nirudi ofisini kwetu. Ile wiki tulimaliza seva zote Alhamisi, macho mekundu, na mimi kwa hasira za usingizi nikaandika barua kwa uongozi kwamba tunalipia leseni za Windows kila mwaka bila kunung'unika, sasa hawa jamaa tunaowategemea kila siku tuwatumie hata dola 200. Bosi akakubali papo hapo, nikashangaa. Ikaenda kwa mhasibu. Mhasibu akaniita, mtu mzima, mpole, hana shida na mtu, akaniuliza profoma iko wapi. Nikamwambia hamna profoma mzee, ni mchango. Akasema mchango ana fungu la misiba na fungu la mwenge, hili la tatu alitolee maelezo gani kwa wakaguzi, na hao watu watatoa risiti? Nikakosa jibu. Wenzetu wanaouza mikataba ya msaada wa kiufundi nadhani walishakutana na mhasibu wangu katika nchi zote, mana hicho ndo kitu pekee ambacho kampuni inajua kukilipia, karatasi yenye namba na tarehe. OpenSSL siku hizi ukitaka mkataba wa msaada unaupata na ankara yake kabisa. Mi nilishahama ile ofisi, sijui kama mzee yule bado yupo.